Jogoo wa Mama Hekaluni

Wiki nzima kabla ya safari ile nilifikiria soksi.

Nilikuwa nimeambiwa kwamba huko niendako viatu huachwa nje, na hali ya soksi zangu niliijua mwenyewe. Nilijiuliza kama ni heshima kuingia hekaluni na soksi mpya, au watu watadhani nimezinunua ili nijionyeshe. Nilijiuliza kama miguu mitupu ni unyenyekevu zaidi, halafu nikakumbuka kucha zangu. Mwishowe nilinunua soksi za kijivu, rangi ambayo niliona haiwezi kumkosea mtu wa dini yoyote.

Nilifikiria na mengine. Pancha kati ya Karatina na Sagana. Mvua. Kama kuketi na kufumba macho karibu na sanamu ya dini isiyo yangu kunahesabika kuwa kuabudu, au ni kupumzika tu mahali penye sanamu. Nilifikiria kila kitu isipokuwa kimoja, ambacho hata mtoto wa darasa la pili angekifikiria. Nitakifikia.

Safari yenyewe ilianzia dukani. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya sosholojia, nikaandika barua nyingi za kuomba kazi, nikaishia kuuza misumari katika hadwea moja mjini Nyeri. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi. Duka lilifunguliwa na babu yake, na yeye anaongea Kikuyu kizuri kuliko changu, tena hunisahihisha mbele ya wateja. Mwaka huo alikuwa anafungua tawi Kerugoya na alitaka niende nikalisimamie. Aliponiuliza mara ya kwanza nilisema nitafikiria. Aliponiuliza tena nilisema bado nafikiria. Mara iliyofuata hakuuliza. Aliweka futi ya kupimia chini, akavua miwani.

"Kijana," alisema, "kichwa yako ni kama ile jenereta ya nyuma. Inanguruma siku yote na taa haiwaki."

Akanieleza kuhusu mahali fulani kando ya mto, chini kidogo ya Sagana, ambapo watu wa dini yake wamejenga hekalu dogo na nyumba za wageni wanaotaka kutulia. Si lazima uwe wa dini yao. Unaketi kando ya maji, simu imezimwa, mdomo umefungwa, mpaka saa ya chai ya alasiri. Yeye huenda kila mwaka. Nami niende Jumamosi, na Jumatatu asubuhi alitaka neno moja tu, ndiyo au hapana. Nikimwambia nafikiria, kazi atampa mtu mwingine.

Kazi niliitaka. Jambo ambalo sikumwambia ni kwamba nyumbani tulikuwa tumebaki wawili, mama na mimi. Baba alishafariki, kaka yangu ana familia yake Nairobi. Nikienda Kerugoya, mama anabaki na ng'ombe na majani chai. Mama mwenyewe sikuwa nimemwambia lolote. Sikuona haja, kwa sababu mazungumzo hayo nilikuwa nimeshayafanya naye kichwani mara nyingi, nikisema maneno yangu na maneno yake, na katika yote mwishoni alilia.

Kwa hiyo nilimwambia tu kwamba Jumamosi naenda kwa watu wa mzee, Sagana. Haikuwa uongo. Neno hekalu nililiacha, kwa kuwa mama ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani na anajua kuombea watu kwa sauti.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na ukungu mzito wa Nyeri, ule unaoloweka nguo kwenye kamba. Nilitoka na helmeti mkononi, nikamkuta mama ameinama nyuma ya pikipiki yangu, anakaza mipira ya tyubu kuukuu. Juu ya keria kulikuwa na kiondo chake kizuri, kikapu kile cha harusi na mazishi, na kutoka kwenye kiondo kulichomoza kichwa cha jogoo mwekundu. Alinitazama kama abiria aliyelipa nauli na sasa anangojea dereva.

Mama huniita baba, kwa kuwa nilipewa jina la baba yake. Hata akinigombeza hunigombeza kwa heshima.

"Baba," alisema, "unaenda kwa watu wa mdosi wako mikono mitupu? Watauliza ulilelewa na nani."

Kwetu huendi kwa watu hivi hivi, na kwa watu wa maana unakwenda na kitu kinachopumua. Nilishukuru, nikapanda.

Lazima niieleze hiyo pikipiki. Niliinunua kwa mjomba wangu, ambaye alifanya bodaboda mpaka mgongo ukamkatalia. Bado ina kiti kirefu cha abiria, vyuma vya mwavuli, na mpira wa nyuma wa kuzuia matope ulioandikwa MUNGU ANAJUA kwa rangi nyeupe. Nami, kwa kuwa naogopa kugongwa, huvaa reflekta ya njano. Matokeo yake ni kwamba kutoka Nyeri hadi Karatina kila mtu aliyesimama kando ya barabara alininyooshea mkono, na kila mmoja nilimpita nikiinamisha helmeti kwa kuomba radhi. Kufika Karatina shingo ilikuwa inaniuma.

Jumamosi ni siku ya soko Karatina. Nilisimama kupisha mkokoteni wa kabichi, na nilipokuwa nimesimama nikahisi pikipiki inashuka nyuma. Nilipogeuka niliona kitambaa cha kichwa cha maua, na chini yake uso wa shosho mmoja, bibi kizee, ambaye alikuwa ameshaketi upande upande, amekifungua kiondo kwenye keria, amempakata jogoo wangu mapajani, na ameweka furushi la ndizi mbivu mahali pake.

"Twende," alisema. "Utanishukisha Kibirigwi."

Nilianza kutunga sentensi ya kumweleza kwamba mimi si bodaboda, lakini kwa namna ambayo haitamfanya ajisikie vibaya. Sentensi ilipokuwa tayari tulikuwa tumeshatoka mjini.

Shosho hakuniuliza ninakokwenda. Alitazama shati langu lililopigwa pasi, akatazama soksi, akamshika jogoo kidari kumpima unene, akaamua kwamba naenda kwa kina msichana kujitambulisha. Nilisema "mm," nikimaanisha kwamba nimemsikia, yeye akachukua kuwa nimekubali. Kuanzia hapo alinifundisha njia nzima, akipigia kelele sikio la helmeti: nisinywe supu kwa sauti, nisikatae sahani ya pili, nisiingie siasa na baba yake hata nikichokozwa. Akauliza msichana ni wa wapi. Upande wetu wa kulia kulikuwa na kibao cha barabara, nami nikasoma nilichokiona. Tulipofika Kibirigwi nilikuwa na mchumba mwalimu huko Kutus, na baba mkwe mkali mwenye shamba la kahawa.

Alishuka, akakata chane nzuri ya ndizi, akaitia kwenye kiondo ubavuni mwa jogoo. Hiyo ndiyo ilikuwa nauli.

"Hizi mpatie mama ya msichana," alisema. "Na usiongee sana ukifika. Unakaa kama mtu wa kuongea."

Sagana ni kama nchi nyingine. Unashuka umevaa sweta mbili, unafika unavua moja moja. Niliacha lami, nikafuata barabara ya udongo kati ya mashamba ya mahindi mpaka nikasikia mto kabla sijauona. Kwenye lango jeupe alikuwa ameketi askari, mtu wa makamo mwenye koti zito katika joto lile.

Alinipa sheria kwa sauti ya mtu aliyezisema mara nyingi. "Mdomo unaacha hapa, viatu unaacha pale." Halafu akaona kiondo. Akasogea, akainama, akatazamana na jogoo kwa muda.

"Umeletea hawa watu kuku?"

"Ni jogoo," nilisema, kana kwamba hilo litasaidia.

"Hawa hawakuli nyama," alisema askari. "Hawakuli hata yai."

Na hicho ndicho kitu ambacho mtoto wa darasa la pili angekifikiria. Nilijua. Nilikuwa nimefanya kazi kwa mzee muda mrefu, nikimfungulia kila mchana chakula chake cha dengu na chapati. Siku ambazo sisi wengine tuliagiza nyama choma, yeye alihamia upande wa rangi na brashi mpaka tumalize. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini jogoo alifungwa na mkono wa mama, kwa desturi ambayo sijawahi kuihoji, na kitu usichokihoji hakipiti kichwani hata kama kichwa chenyewe hakilali. Nilikuwa nimebeba kilomita zote zile, hadi kwenye mlango wa watu wasioua hata mbu, kitoweo ambacho bado kinapumua.

Askari alijitolea kunisaidia. Alisema kwa upole kwamba yeye ana sufuria, na kwamba jambo hili linaweza kuisha kimya kimya. Nilimtazama jogoo, jogoo akanitazama. Nikakataa, si kwa huruma, bali kwa sababu mama angeuliza. Angetaka kujua nani aliyempokea, kwa mikono miwili au mmoja, na alisema nini. Kurudi naye pia haikuwezekana. Zawadi ikirudi imetukanwa, na majirani wote wangemwona akirudi. Zaidi ya hayo yote kulikuwa na mzee. Ikiwa Jumamosi hii ilikuwa mtihani, nami niliamini kwamba ni mtihani, basi nilikuwa nimefeli langoni. Kerugoya ilikuwa inaniponyoka ndani ya kiondo.

Niliamua kutoamua. Nilimweka jogoo kivulini karibu na pikipiki. Kisha nikaanza kuwaza kuhusu damu, kwamba miguu iliyofungwa tangu alfajiri huenda haipati damu, na kwamba nisingependa mnyama aumie kwenye kiwanja cha watu kama hawa. Nikalegeza kamba. Kidogo tu.

Niliingia na ndizi za shosho. Mlezi wa mahali pale, mama mzee mwembamba mwenye nywele za fedha na nguo nyeupe ya pamba, aliziona akafurahi waziwazi. Alizipokea kwa mikono miwili, akapanda ngazi za hekalu, akaziweka mbele ya sanamu pamoja na maua ya manjano na sinia la mchele. Inaonekana matunda ndiyo watu huleta. Kwa muda mfupi nilikuwa mgeni anayejua mambo.

Halafu niliketi. Wageni walikuwa wachache, kila mtu na mkeka wake chini ya mkuyu, nyuso zikielekea mtoni. Kulikuwa na mume na mke waliovaa miwani inayofanana, vijana kadhaa wa Nairobi wenye nguo za kitani, na mzee mmoja aliyekuwa ama ametulia sana ama amelala. Maji ya Sagana yalikuwa ya kahawia, yakipasuka kwenye mawe. Tulitakiwa kufuata pumzi tu. Nilifumba macho nikaifuata yangu, na papo hapo nikaanza kujiuliza kama siku zote huwa navuta kwanza au natoa kwanza. Nikaona kuwa nikiendelea kuwaza hivyo ninaweza kusahau kabisa namna ya kupumua. Mawazo yakahamia Kerugoya. Nikamwona mama jioni, ndoo mkononi, akiniita kwa mazoea halafu akikumbuka kwamba sipo.

Jogoo aliwika.

Nilijiambia ni wa jirani. Akawika tena, karibu zaidi. Nikafungua jicho moja. Alikuwa anatembea katikati ya mikeka, kamba ikiburuta nyuma, akimtazama kila mtu mguuni kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Hakuna aliyesogea. Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa haikuruhusiwa. Alimpita mzee aliyelala, akasimama, akanyoosha shingo, akaona ngazi za hekalu na sinia la mchele.

Nilisimama. Nakumbuka kusimama, lakini sikumbuki kuamua. Nilikimbia na soksi za kijivu kwenye nyasi, nikamkinga kwenye ngazi, akageuka. Nikamrukia, nikashika manyoya. Alikimbilia mtoni, akaruka juu ya jiwe, nami nikaruka juu ya jiwe hilo hilo, na soksi mpya, niwaambie, haishiki jiwe lenye maji. Nilitumbukia mpaka kiunoni. Nilipopata kusimama mkono mmoja ulikuwa umeshika mzizi wa mkuyu, na ule mwingine ulikuwa juu ya kichwa changu, umemshika jogoo miguu yote miwili, akipiga mabawa na kunirushia maji usoni.

Nilitazama ukingoni. Wote walikuwa wananitazama. Kimya kilikuwa bado kimya, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Mzee aliyelala alifungua macho, akaniona, akayafumba tena taratibu, kama mtu aliyeona mawazo yake mwenyewe na kuyaacha yapite.

Mlezi aliteremka mpaka kwenye maji na kunyoosha mikono.

"Nipatie huyo," alisema. "Wewe shika mzizi."

Kilikuwa Kiswahili cha Karatina kabisa. Na kwa kuwa mwenye sheria ameivunja, watu wote wakaangua kicheko, na kengele ya chai ikapigwa kabla ya saa yake.

Nilikaushwa kwenye jiwe kama shati. Mlezi aliniletea chai ya tangawizi, akaketi kando yangu na jogoo mapajani juu ya ile nguo nyeupe. Nilimweleza kila kitu: kiondo, desturi, duka, Kerugoya, hata mchumba wa Kutus, ambaye nilieleza kwamba hayuko. Nilimweleza jinsi mama atakavyolia.

"Amesema hivyo?" aliuliza.

"Atalia tu. Namjua."

"Umemuuliza?"

Nilisema bado. Alikunywa chai yake mpaka chini.

"Basi mimi sina kitu ya kukuambia," alisema.

Kuhusu jogoo alisema nimwambie mama kwamba amepokelewa kwa mikono miwili na kwamba hatachinjwa. Yeye mwenyewe alizaliwa Karatina, baba yake alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, na alijua vizuri kwamba kiondo cha watu hakirudishwi kitupu. Alikijaza ladu, zile tamutamu za unga wa dengu na samli, na chupa ya achari ya ndimu.

Njia nzima ya kupanda kurudi Nyeri nilijaribu kutunga namna ya kuanza. Nilifika sina hata neno. Mama alikuwa kwenye banda, kichwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe, anakamua. Alitazama suruali yangu iliyokauka na matope, akatazama kiondo, akauliza kwanza lililo muhimu.

"Walimpokea?"

"Kwa mikono miwili."

"Wakamchinja?"

Hapo nilisema yote. Nikasema ni hekalu, nikasema hawali nyama, nikasema mto. Mama aliacha kukamua. Nilingoja maombi. Badala yake aliegemeza uso kwa ng'ombe akacheka mpaka ng'ombe akageuka kumtazama. Na kwa kuwa alikuwa bado anacheka, na mimi nilikuwa nimechoka mno kutunga kitu, nilisema tu.

"Mzee anataka niende Kerugoya nikasimamie duka. Naogopa utabaki peke yako."

Mama alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Kwani mimi ni mgonjwa?" Akaanza tena kukamua. "Unajua kwa nini nilikupatia hiyo jogoo, baba? Ilikuwa imekua. Siku yote inazunguka tu kwa boma ikipiga kelele, haijui inataka nini. Ikifika hapo unaitafutia mahali." Alinitazama juu ya ndoo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Enda Kerugoya. Si ni hapo tu?"

Nilingoja alie. Alimaliza kukamua. Akauliza kama hilo duka jipya litauza mabati, maana banda linavuja.

Baadaye aliziombea zile ladu kirefu kuliko chakula cha kawaida, akala moja, akatafakari, akachukua nyingine. Achari aliipeleka Jumapili kwenye kikundi cha akina mama. Aliwaambia imetoka Sagana.

Jumatatu mzee alinisubiri kaunta, miwani imevuliwa.

"Ndiyo," nilisema.

Alinipa mkono. Halafu akasema kwamba amepigiwa simu kutoka kwa watu wa mtoni. Hawalalamiki, wamepokea na wamepokea. Ila huyo mgeni huwika kila watu wanapofumba macho, na amefanya ngazi za hekalu kuwa zake. Walikuwa wanauliza, kwa heshima, kama kuna mahali pengine anapoweza kutulia. Mzee alivaa miwani. Akasema duka la Kerugoya lina ua mkubwa nyuma.

Kwa hiyo nilihamia Kerugoya kupitia Sagana, nguo zangu kwenye begi mgongoni na jogoo kwenye kiondo cha mama. Nilipofika Kutus nilisimama kupisha ng'ombe. Shosho mmoja aliyekuwa anauza ndizi kando ya barabara aliinua macho, na kitambaa cha maua nilikitambua kabla ya uso. Alimtazama jogoo. Alinitazama kwa huruma kubwa.

"Pole, kijana yangu," alisema. "Walikukataa."

"Hapana, shosho. Tumepata kazi Kerugoya."

"Kerugoya ni kwa dada yangu," alisema, na alikuwa ameshaanza kufunga ndizi zake.

Safari hii sentensi ilikuwa tayari kwa wakati. "Shosho, mimi si bodaboda."

"Najua," alisema, akipanda. "Nipe huyo jogoo nimshike."